Uso wa Fatz umeoza upande mmoja tu, shida ni nini? Na je tumrudishe Fatz au abaki Munch?

#1 Mtengenezaji_Ohio
Wakuu salaam. Niko Ohio huku, kazi yangu ni matengenezo ya mitambo kiwandani, kompresa na valvu ndio chakula changu. Kuna mzee mmoja Mmarekani namsaidia, anakusanya yale midoli makubwa ya migahawa ya piza ya zamani, yale yanayopiga muziki jukwaani kwa nguvu ya upepo huku watoto wanakula. Kwa wasiojua, kulikuwa na mgahawa unaitwa ShowBiz Pizza Place, wa kwanza ulifunguliwa Kansas City, Missouri, Machi 1980, na bendi yao ilikuwa Rock-afire Explosion, kazi ya Aaron Fechter na kampuni yake Creative Engineering ya Orlando. Mpiga kinanda alikuwa sokwe mkubwa anaitwa Fatz Geronimo. Baadae, mwanzoni mwa miaka ya 90, wenye kampuni wakaivua ile bendi ngozi na manyoya yote wakaivalisha wahusika wa Chuck E. Cheese. Fatz akawa Munch, lile dubwana la zambarau.

Sasa mzee alinunua Munch, ukimvua manyoya chini yake ni mifupa ya Fatz ileile. Mwaka huu akapata na sura halisi ya Fatz ya lateksi (mpira wa asili) kutoka kwa mtu mwingine. Shida ndio hii, shavu la kushoto bado zuri kabisa, ukilibonyeza linarudi. La kulia kuanzia chini ya jicho mpaka pembe ya mdomo limekuwa gumu, ukiligusa vinadondoka vipande, alafu ukipeleka kidole ndani karibu na tundu la pua unakuta pananata kabisa, kidole kinatoka na kitu cha kahawia. Ngozi moja, ilimwagwa siku moja kwenye moldi moja. Kwanini upande mmoja?

Swali la pili, tumtengeneze awe Fatz au tumwache Munch? Mzee na mimi hatujakubaliana bado.

#2 Binti_Muheza
Jua hilo. Lateksi na jua ni maadui. Ilikaa karibu na dirisha upande wa kulia, basi.

#3 kamau_spana
Wueh hio kitu inakaa ya kutisha usiku manze. Lakini endelea, nafuata.

#4 Scania_Man
Mkuu mimi natengeneza breki za upepo za malori hapa Dar miaka mingi, midoli siijui ila upepo naujua. Swali langu ni moja, silinda inayofungua mdomo iko upande gani? Manake kwenye breki tukiona mpira umevimba na kunata jambo la kwanza tunatafuta mafuta yanatoka wapi. Mpira wa asili na mafuta ya petroli haviendi pamoja hata siku moja, unavimba unalainika unakuwa kama uji. Kama mitambo yenu walikuwa wanaweka kilainishi kwenye laini ya hewa basi kila silinda ikipumua inatoa mvuke wa mafuta, na unapotua ndipo panapooza.

#5 Mtengenezaji_Ohio
Scania_Man hapo umenigusa. Silinda ya mdomo iko katikati lakini mrija wake unapita kulia. Nitaangalia.

#6 Mzee_wa_Tampa
Nimeishi Florida muda mrefu, nimewapeleka wanangu hizo sehemu. Chuck E. Cheese ndio ya kwanza, ilianza 1980 na huyohuyo Fechter ndio aliitengeneza yote, baadae wakagawana.

#7 Shemeji_wa_Minnesota
#6 hapana mzee wangu, hapo tunyooshe kidogo. Chuck E. Cheese ilianza 1977 San Jose, California, mwenye wazo ni Nolan Bushnell yule wa Atari, kampuni ya gemu. Lengo lake alikuwa anataka sehemu ya kuweka mashine za gemu ambapo familia nzima itaingia, maana wakati ule gemu zilikaa kwenye baa. Midoli yao ilikuwa mingine kabisa. Robert Brock, tajiri wa hoteli za Holiday Inn, alisaini mkataba na Bushnell afungue matawi mengi, kisha akaona kazi ya Fechter akasema hii ndio yenyewe, akavunja mkataba akaanzisha ShowBiz. Kesi ikaenda mahakamani. Halafu 1984 kampuni ya Bushnell ikafilisika na ShowBiz ndio ikaimeza. Yaani mshindi ni ShowBiz, ila jina lililobaki mpaka leo ni la aliyeshindwa. Na ugomvi wa Fechter na ShowBiz kuhusu haki za wahusika ndio moja ya sababu wakaamua kuvua ngozi zake zote.

#8 Mzee_wa_Tampa
Asante kijana, nimeelewa. Lakini ule mchezo wa kugonga fuko na nyundo ni wa Fechter, hilo usinibishie.

#9 Shemeji_wa_Minnesota
Nabisha kwa heshima mzee 😄. Ulianzia Japani 1975. Fechter alihusika na toleo la Marekani mwaka mmoja baadae, na hata hapo kuna wengine waliodai ni wao.

#10 Dada_Kemia
Habarini. Nimesomea polima, naomba niongeze. Binti_Muheza na Scania_Man wote wanaweza kuwa sahihi ila kuna mambo mawili tofauti kwenye maelezo ya mleta uzi, ugumu na kunata, na tusiyachanganye. Mpira wa asili ukizeeka kwa oksijeni na joto huwa kwanza minyororo yake inakatika, ndio unanata. Baadae sana inafungamana upya, ndio unakuwa mgumu na kuvunjika. Kwahiyo inawezekana nje ambako kuna hewa na mwanga pameshapita hatua zote mbili, na ndani ya pua pako nyuma hatua moja. Ni ugonjwa mmoja tu huo.

Ila kuna adui mwingine watu wanamsahau, shaba. Shaba kidogo tu ikigusa mpira wa asili inaharakisha kuoza vibaya mno. Mkuu angalia kwa ndani, kuna waya, pini au kifungo chochote cha rangi ya shaba?

#11 Mtengenezaji_Ohio
Dada_Kemia nimetoka kuangalia sasa hivi na tochi. Kuna waya!! Mtu wa zamani alishona mpasuko wa pembe ya mdomo kwa waya mwembamba, umeota kijani kabisa.

#12 kamau_spana
Case closed, twendeni nyumbani.

#13 Mtengenezaji_Ohio
Subiri kamau. Waya uko pembe ZOTE mbili za mdomo. Kushoto nako upo, na ni wa kijani vilevile, na ngozi ya pale ni nzima.

#14 Scania_Man
Mafuta basi. Nilisema.

#15 Binti_Muheza
Jua. Mimi nilisema kabla yako.

#16 Dada_Kemia
Sio lazima iwe moja. Shaba na mwanga vikikutana ni balaa zaidi, kila kimoja peke yake labda kingevumilika. Kuna kipimo rahisi mkuu, angalia nyufa. Kama ni ozoni, ile gesi ya hewani inayokula mpira, nyufa zinakaa zikikata mwelekeo ambao ngozi inavutwa, nyingi ndogondogo zimejipanga. Ozoni haigusi sana mpira uliolegea, inashambulia uliovutwa. Kama ni jua utaona ukoko juu wenye nyufa zinazokwenda ovyo bila mpangilio. Kama ni mafuta patakuwa pamevimba, pima unene kwa kaliipa upande mmoja na mwingine.

#17 fundi_sofa_Tanga
Wataalamu nisameheni, je ndani ya hiyo sura kuna sponji? Mimi nashona masofa. Sponji ikizeeka inakuwa unga wa njano, na pale palipogusana na kitambaa panaacha kitu kama gundi. Nimeona sofa upande wa ukutani nzima, upande wa kukalia unga mtupu.

#18 Mtengenezaji_Ohio
Ipo fundi, walibandika sponji kwa nyuma mashavu yasilegee. Kulia imekwisha yote, kushoto ipo nusu.

#19 Dada_Kemia
Fundi umeongea kitu kikubwa. Sponji za poliuretani ziko aina mbili kuu, ya esta inaliwa na unyevu, ya etha inaliwa zaidi na mwanga na hewa. Ikioza inatoa vitu ambavyo havimwachi jirani yake salama. Swali linabaki, sponji iliua ngozi au kilichoua ngozi ndicho kiliua na sponji?

#20 Jirani_wa_Rochester
Mnasahau maghala jamani. Hizi sura zilivyovuliwa nyingi zilitupwa kabisa, zilizobaki zilibaki kwa sababu mfanyakazi fulani alizipenda akazificha kwao. Zikakaa kwenye maboksi gereji, kiangazi joto, baridi kali, kiangazi tena. Ililala kwa shavu la kulia miaka thelathini uzito wote wa kichwa ukiwa hapo. Kukunjwa tu kunatosha.

#21 Scania_Man
Hiyo nayo ina maana. Tairi la akiba lililokaa muda mrefu linapasuka pale lilipolalia.

#22 Msanii_wa_Sura
Nimechelewa lakini huu ndio uzi wangu. Mimi nachonga sura za maigizo niko Toronto. Sababu zenu tamu ila mgonjwa anahitaji matibabu. Mkuu acha kuosha hiyo ngozi na sabuni yoyote, acha kupaka silikoni ya dukani, na usijaribu kurudisha ulaini kwa mafuta ya mtoto kama wanavyofanya wengine, unaongeza siku mbili unapunguza miaka miwili. Fanya hivi: jaza ndani kwa karatasi laini isiyo na asidi ishike umbo, ipige picha pande zote, ipime kwa skana ya 3D kama unayo. Sehemu iliyokatika ikusanye vipande vyote kwenye mfuko, hata vidogo. Ukishapata umbo, upande wa kulia unachongwa upya kwa kutazama wa kushoto, unatengeneza moldi ya plasta, unamwaga lateksi mpya. Ngozi ya zamani inaenda kwenye boksi gizani, ile ndio ushahidi.

Tena moldi iwe plasta, sio kitu kingine, kwasababu plasta inanyonya maji ya lateksi ndio ngozi inajenga unene ukutani.

#23 Jirani_wa_Rochester
Kwanini lateksi tena wakati imeshatuonyesha inaoza? Weka silikoni, kaa nayo mpaka wajukuu.

#24 Msanii_wa_Sura
Swali zuri, na huu ni ugomvi wa miaka yote. Silikoni haiozi kirahisi, kweli. Lakini ni nzito kuliko lateksi, na silinda za mdomo na kope za Fatz zilipimwa kwa ngozi nyepesi. Ukivalisha silikoni mdomo unachelewa kufunga, kope zinashuka kwa uvivu, ukiongeza presha unavunja viungo. Pia silikoni ikipata kachanika kadogo kanatembea mpaka mwisho. Na rangi za kawaida hazishiki juu yake. Alafu la mwisho, yule sokwe ana mng'ao wa lateksi iliyopakwa rangi, mwanga wa jukwaa unatua juu yake kwa namna yake. Ukimweka silikoni anaonekana amelowa.

#25 Dada_Kemia
Na ukiamua silikoni, angalia sana hii: silikoni ya platinamu (inayokaushwa kwa platinamu) haikauki ikigusa salfa. Moldi iliyowahi kumwagiwa lateksi, au udongo wa kuchongea wenye salfa, unamwaga silikoni yako ya bei mbaya unakuta juu imebaki gundi milele. Jaribu kipande kidogo kwanza.

#26 Binti_Muheza
Kwetu Kihuhwi kuna mashamba ya mpira, utomvu ukishagemwa unawekewa amonia usigande. Nilikuwa sijui kama unaishia kwenye shavu la sokwe Marekani 😂 Nimefurahi sana.

#27 kamau_spana
Buda @Mtengenezaji_Ohio na hio mashine inaimba aje? Ama mnaiweka tu simu nyuma.

#28 Shemeji_wa_Minnesota
Kamau hapo ndio utamu wenyewe. Shoo za zamani zilikuja kwenye mkanda mkubwa wa rili. Njia mbili za mkanda ni muziki na sauti, njia mbili zingine ni amri za viungo. Ukizisikiliza hizo njia za amri ni mlio wa kukereketa tu, kumbe ndani kila biti inasema valvu hii fungua, ile funga. Hakuna nusu, ni wazi au imefungwa. Sasa jiulize mkono unaendaje taratibu wakati valvu haijui taratibu? Jibu ni vile vijiskrubu vya kubana hewa kwenye kila mrija. Mtu anakaa na bisibisi anabana na kulegeza mpaka mkono unashuka kama mkono wa mtu. Ukimpata Fatz ambaye hajawahi kurekebishwa hivyo anarusha mikono kwa fujo, watoto wanalia.

#29 Scania_Man
Hivyo viskrubu ndio roho ya kazi. Na mkuu usiwashe hata siku moja bila kikausha hewa. Tangi la kompresa likijaa maji unyevu unaingia kwenye valvu, kutu, na sili zinakufa. Badilisha sili zote za naitraili (mpira wa kiwandani), zina miaka arobaini hizo, hata kama hazivuji leo. Na mirija ikishakuwa ya njano na migumu usiitie gundi, kata weka mpya.

#30 Mtengenezaji_Ohio
Shukrani. Sili tumeshaagiza. Mkanda tunao mmoja wa rili lakini ukizungushwa unapiga kelele na kuacha unga mweusi kwenye kichwa cha mashine, tumesimamisha.

#31 Shemeji_wa_Minnesota
SIMAMISHA kabisa. Hiyo ni gundi ya mkanda imenyonya unyevu. Wataalamu wanauoka kwenye joto la nyuzi 54 hivi kwa saa kadhaa, unapona kwa muda, unaucheza MARA MOJA huku unaurekodi kwenye kompyuta njia zote nne. Usitumie jiko la nyumbani, joto lake linapanda na kushuka. Na hakikisha sio mkanda wa asiteti (aina ya plastiki ya zamani), ule hauokwi. Ukishapata faili safi kuna wapenzi wa haya mambo wameandika programu za kusoma zile amri na kuzipeleka kwenye valvu bila mkanda.

#32 Jirani_wa_Rochester
Swali la pili limesahaulika. Fatz au Munch?

#33 Mzee_wa_Tampa
Fatz. Walimvua kwa nguvu, mrudishieni ngozi yake. Wanangu walilia siku walipokuta Billy Bob hayupo, yule dubu alikuwa upande wake na yule ndege wa kwenye pipa. Wenzake walivalishwa sura nyingine, wao wawili hawakupewa hata hiyo.

#34 Msanii_wa_Sura
Mimi nasema Munch. Sikilizeni kabla hamjanirukia. Huyu amekuwa Munch muda mrefu kuliko alivyokuwa Fatz. Alikuwa Fatz miaka kama kumi. Kuna watu wa umri wangu ambao Munch ndio utoto wao, na sasa kampuni yenyewe imeng'oa karibu bendi zote, Northridge kule California na matawi machache mengine ndio wameahidi kuziacha. Sasa Munch naye anaanza kuwa adimu. Ukimvua manyoya ya zambarau kumrudisha Fatz unafanya kilekile walichofanya wao mwanzoni mwa 90.

#35 Mzee_wa_Tampa
Sikubali. Wao walivua kwa ajili ya leseni na hela. Huyu anavua kwa kumpenda.

#36 Dada_Kemia
Ngozi haijui nia ya mtu, mzee wangu. Ikishakatwa imekatwa.

#37 Mtengenezaji_Ohio
Mnaongea yaleyale tunayobishana na mzee kila Jumamosi. Yeye anamtaka Fatz, alikuwa anafanya kazi ShowBiz ujana wake. Mimi naona kama Msanii. Nilipokuwa navua manyoya ya Munch nilikuta chini ya kwapa mabaki ya manyoya ya kahawia ya Fatz yamenaswa kwenye bolti, hayakutolewa vizuri. Wote wawili wamo mle.

#38 kamau_spana
Si mfanye nusu nusu basi, kulia Munch kushoto Fatz 😅 si tayari shavu moja limekataa.

#39 Jirani_wa_Rochester
Kamau acha, kuna watoto wa ile gemu ya kutisha ya 2014, Five Nights at Freddy's, yenye midoli kama hii, watakuja kumwomba akae hivyohivyo ameoza. Ingawa niseme ukweli, ile gemu ndio imeleta vijana wengi wanaotafuta hizi mashine, kabla yake walikuwa wazee wachache tu na yule jamaa wa Alabama aliyenunua bendi nzima akaiwekea nyimbo za kisasa.

#40 Msanii_wa_Sura
Njia ipo. Manyoya ya Munch msiyakate, fungueni mshono wa nyuma myatoe mazima, mwekeni kwenye kiunzi chake asimame pembeni. Fatz avae ngozi mpya. Mifupa ni ileile, mtakuwa mnambadilisha mavazi. Ila kila badiliko linachosha mishono, msifanye kila wiki.

#41 Scania_Man
Mkuu vipimo vya unene vikoje? Mimi bado nasubiri mafuta yangu yathibitishwe.

#42 Mtengenezaji_Ohio
Nimepima jana usiku. Kulia pamevimba kidogo karibu na pua, kwahiyo Scania_Man ana pointi. Lakini juu chini ya jicho ni pembamba kuliko kushoto, na nyufa zimejipanga mlalo, kama Dada_Kemia alivyosema za ozoni. Na mrija uliopita kulia una valvu yake inapumulia pale pale.

#43 Dada_Kemia
Mlalo, yaani jicho likifunga ngozi inavutwa juu na chini? Basi ozoni imo. Ila kwanini kushoto hakuna? Kope zote mbili si zinafunga pamoja?

#44 Mtengenezaji_Ohio
Zinafunga pamoja. Ila mzee anakumbuka Fatz wengi waliofanya nao kazi walikuwa wanakonyeza.

#45 Dada_Kemia
Jicho gani?

#46 Binti_Muheza
Na jicho hilo lilikuwa upande wa dirisha au wa ukuta?

#47 Mtengenezaji_Ohio
Hakumbuki. Namuuliza tena Jumamosi. Wakati huohuo kama kuna mwenye picha ya Fatz akiwa jukwaani miaka ya 80, picha ya karibu inayoonyesha macho na taa za juu, naomba aiweke hapa. Nataka kuona pia rangi halisi ya mdomo kabla hatujachanganya.